Mwongozo kamili: kuchunguza majengo ya zamani ya wagonjwa wa akili Uganda na tiba zilizofanyika humo

Anayetafuta hospitali ya vichaa iliyohamwa hapa Uganda, yenye vitanda vya chuma vilivyoota kutu na korido ndefu zenye rangi iliyobanduka kama zile za kwenye video za Wamarekani, atazunguka mpaka soli ziishe. Butabika, hospitali kuu ya magonjwa ya akili iliyoko Kampala, haijafungwa. Ukifika getini utakuta ndugu za wagonjwa wamebeba chakula, watu wenye bahasha za kaki wakingoja kliniki, na askari anayetaka kujua umemfuata nani. Ile ni hospitali ya rufaa ya taifa, na mgonjwa aliyelala mle hakumwalika mtu yeyote kuja kumpiga picha.

Hata hivyo historia ya kutisha ipo, tena ya kutosha. Kilichohamwa Uganda ni tiba na sheria, huku majengo yakipewa kazi nyingine au yakiendelea na ileile. Kwa hiyo uchunguzi wa hapa una njia yake: unaanzia maktaba, unapita kwa mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya kijiji au mtaa, unakaa barazani kwa wazee, na kuta unazifikia mwishoni. Nimeuandika mwongozo huu kwa yule anayetaka kuifanya kazi hiyo vizuri, awe mwanafunzi, mwandishi wa habari au mtu tu mwenye udadisi.

Hatua ya 1: Chora njia waliyopitishwa wagonjwa

Kabla hujaenda popote, chukua ramani ya Uganda uweke alama tatu: Hoima, Mulago, Butabika.

Enzi za Waingereza mtu aliyerukwa na akili alikutana na polisi kabla ya daktari. Miaka ya 1920 waliohesabiwa kuwa hatari walifungiwa sehemu ya gereza la Hoima, kilomita kama 200 kaskazini magharibi ya Kampala. Fikiria maana yake kwa familia ya Masaka au Mbale: ndugu yako anachukuliwa, halafu anapelekwa mahali ambapo hata nauli ya kumfuata huna. Miaka ya 1930 wakahamishiwa kilima cha Mulago, Kampala, ambako tayari kulikuwa na hospitali iliyoanza mwaka 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa. Kisha mwaka 1955 ikafunguliwa Butabika, karibu na Ziwa Victoria, kilomita 12 hivi mashariki ya katikati ya jiji, si mbali na Luzira penye gereza kuu.

Pembeni ya ramani andika sheria. Ya kikoloni ni ya 1938. Ikafuata ya 1964, miaka miwili baada ya uhuru, na hiyo ndiyo iliyotumika mpaka ilipopitishwa Sheria ya Afya ya Akili ya 2018. Yaani mtu aliyelazwa kwa nguvu mwaka 2010 alilazwa kwa sheria iliyotungwa kabla ya Amin kushika nchi. Ukilijua hili utaelewa kwa nini wazee wa kazi wanazungumzia mambo ya miaka ya 1960 kana kwamba ni ya jana.

Weka na majirani, kwa kuwa wagonjwa, madaktari na mawazo vilivuka mipaka. Lutindi, milima ya Usambara, ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1904 chini ya wamisionari wa Kijerumani; kabla ya hapo ilikuwa makao ya watoto waliookolewa utumwani. Mathari ya Nairobi ni ya 1910, ilirithi majengo ya kutengea wagonjwa wa ndui. Mirembe ya Dodoma ni ya 1927. Zote zinafanya kazi hadi leo, na zote majina yao yameshageuzwa matusi ya mitaani, kama Kampala mtu anavyomwambia mwenzake kwamba ametoroka Butabika.

Hatua ya 2: Makaratasi kabla ya miguu

Nenda kwanza Wandegeya, kwenye jengo la Nyaraka za Taifa. Zamani nyaraka hizo zilikaa Entebbe katika hali ya kusikitisha. Sasa kuna chumba cha kusomea na wahudumu wanaojua kazi yao. Usiwaambie unataka "mambo ya vichaa". Omba ripoti za mwaka za Idara ya Tiba ya Protektoreti ya Uganda, miaka ya 1920 hadi 1950, pamoja na ripoti za magereza za miaka hiyohiyo. Watu wengi husahau za magereza, na humo ndimo utakakokuta Hoima.

Kituo cha pili ni maktaba ya kitabibu ya Albert Cook, Chuo Kikuu cha Makerere, palepale kilima cha Mulago. Cook ndiye aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897. Humo kuna majarida ya zamani ambamo madaktari wa kikoloni waliandika kwa uwazi mambo ambayo leo hakuna angeyaandika. Usiyapite matangazo ya dawa yaliyomo: yanaonyesha nini kilikuwa kinauzwa mwaka gani. Asiye na uwezo wa kufika Kampala aingie kwenye mtandao wa Wellcome Collection ya London, ambako nyaraka nyingi za kitabibu zimewekwa bure.

Unaposoma, angalia mambo mawili. La kwanza ni kifafa. Takwimu za zamani huchanganya wenye kifafa na wenye magonjwa ya akili, na hata leo kliniki za akili za Uganda hutibu wagonjwa wengi wa kifafa. Daktari John Orley, aliyefanya utafiti Kasangati miaka ya 1960, alikuta watu wanaamini kifafa huambukiza, mgonjwa anatengewa chakula na chombo chake, na wengi wana makovu ya moto kwa kuangukia jikoni bila mtu wa kuwavuta. Ukiona neno kifafa kwenye orodha ya waliofungiwa, ujue huyo huenda hakuwa na kichaa hata kidogo.

La pili ni sababu ya kulazwa. Ripoti nyingi zitakwambia "mkorofi", "mzururaji", "alikutwa sokoni". Nakili maneno hayo yalivyo. Hiyo ndiyo sehemu ya kutisha kuliko mashine yoyote.

Mafaili ya wagonjwa wenyewe usiyatafute kwa njia za panya. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na aliyelalia kitanda cha Mulago mwaka 1950 ana wajukuu wanaoishi mtaani kwenu.

Hatua ya 3: Ruhusa, tena ya maandishi

Jengo tupu Uganda halikosi mwenyewe. Ni la serikali, la wilaya, la kanisa, la ufalme wa Buganda, au la mtu mwenye hati anayekaa London. Kuingia bila idhini kunaweza kuhesabiwa kosa la jinai, na mlinzi mwenye bunduki ya zamani hatangoja ueleze kwamba wewe ni mpenda historia.

Mlolongo unaofanya kazi ni huu. Anza kwa mwenyekiti wa LC1 wa eneo. Mpelekee kitambulisho cha taifa na barua fupi ya utambulisho kutoka chuoni, ofisini au kwenye gazeti lako. Mwambie unatafuta nini, siku gani, na nani unafuatana naye. Naye atakuandikia barua na kuipiga muhuri, na mara nyingi atakupa kijana wa kukusindikiza. Mlipe kijana huyo posho yake bila kusubiri akudai. Ndiye atakayejua kisima kilichofukiwa kiko wapi.

Kwa hospitali inayofanya kazi, barua inakwenda kwa mkurugenzi. Ukitaka kuhoji wagonjwa, waliopona, au wahudumu kwa ajili ya utafiti, utahitaji kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, kisha usajili wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Inachukua muda na inagharimu. Usijaribu kuiruka kwa kisingizio kwamba "ni mazungumzo tu".

Gereza ni habari nyingine kabisa. Hoima ukifika, tazama kwa mbali, kunja simu yako, ongea na watu wa mji. Ukiinua kamera mbele ya geti la gereza, siku yako itaishia kituoni ukisema "ndiyo afande" kwa kila swali.

Hatua ya 4: Zijue tiba, ndipo vyumba vitakuongelesha

Mtu asiyejua tiba za zamani huona chumba tupu. Hapa nitakaa kidogo.

Mpaka miaka ya 1930 tiba hasa ilikuwa kufungia na kulimisha. Mihogo, matofali, mikeka, usafi wa uwanja. Madaktari waliita kazi hiyo tiba, na kwa baadhi ya wagonjwa pengine ilisaidia kuliko kukaa sakafuni kutwa, lakini pia iliipunguzia serikali gharama ya chakula, jambo ambalo ripoti hazilifichi sana. Usiku ulikuwa wa dawa za kutuliza: bromaidi na paraldehaidi. Hii ya pili ni dawa ya maji ya kutuliza, yenye harufu kali inayotoka kwa pumzi na kujaa wodi nzima. Inayeyusha plastiki, kwa hiyo ilichomwa kwa bomba la sindano la kioo. Ukikuta kwenye orodha ya vifaa vya hospitali bomba za kioo mwaka ambao wodi nyingine zimeshaanza kutumia za plastiki, umeshajua ni za nini.

Kisha ikaja homa. Daktari wa Vienna, Julius Wagner-Jauregg, alianza mwaka 1917 kuwaambukiza malaria makusudi watu ambao kaswende ilikuwa imewafika kwenye ubongo. Homa ilipopanda iliwaua vijidudu vya kaswende, halafu malaria ikatibiwa kwa kwinini. Baadhi walipona, baadhi walikufa, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1927. Msomaji wa Uganda ana haki ya kucheka kwa uchungu: malaria ambayo sisi inatumalizia watoto, kule ilikuwa dozi. Na kumbuka Mulago ilianza kwa sababu ya hofu ya kaswende. Penisilini iliipumzisha tiba hii miaka ya 1940.

Miaka ya 1930 madaktari wa Ulaya waliingiwa na imani kwamba ubongo ukitikiswa vya kutosha utarudi mahali pake. Manfred Sakel aliwapa wagonjwa insulini mpaka wakazimia kwa kuishiwa sukari mwilini, kisha akawaamsha kwa sukari iliyopitishwa kwa mpira wa puani. Ilitaka wauguzi wengi waliosimama kitandani saa kadhaa, na miaka ya 1950 utafiti ukaonyesha kwamba insulini haikuwa na nguvu yoyote ya pekee. Ladislas Meduna wa Budapest alitumia mwaka 1934 dawa za kuleta degedege, na kadiazoli ndiyo iliyoenea. Kati ya sindano na degedege zilipita sekunde za hofu ambazo wagonjwa walisema ni kama kufa ukiwa macho. Wengine walivunjika pingili za uti wa mgongo.

Ndipo umeme ulipokuja kama nafuu. Ugo Cerletti na Lucio Bini waliujaribu kwa mara ya kwanza Roma, Aprili 1938. Mgonjwa alizimia papo hapo, hakuwa na zile sekunde za hofu. Shida ni kwamba mwanzoni ilifanywa bila dawa ya usingizi wala ya kulegeza misuli: watu wanne au watano wanakushika mabega, viuno na magoti, kipande cha mpira mdomoni, mwili unaruka. Usichanganye hiyo na tiba ya umeme ya leo, ambayo mgonjwa analazwa usingizi kwanza na misuli inalegezwa; bado inatumika duniani kwa sonona kali ambayo dawa zimeshindwa. Wapenda magofu wengi huweka picha ya mashine ya umeme na kuandika "mateso". Andika mwaka, andika kama usingizi ulitumika, msomaji ataamua.

Kukata ubongo kulianza Lisbon mwaka 1935 kwa Egas Moniz, naye akapata Nobel mwaka 1949. Mmarekani Walter Freeman akaifanya kazi ya dakika chache kuanzia 1946, kwa kupitisha chuma juu ya jicho. Kwa Afrika Mashariki kilichotuumiza zaidi ni wazo lililofuatana na kisu. J. C. Carothers, aliyeiongoza Mathari kuanzia 1938 hadi 1950 bila kuwa amesomea magonjwa ya akili tangu mwanzo, aliandika kwamba akili ya Mwafrika wa kawaida inafanana na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Shirika la Afya Duniani lilichapisha ripoti yake mwaka 1953. Soma hilo mara mbili. Mtu aliyekabidhiwa wagonjwa wetu aliamini kwamba hata wazima wetu ni nusu wagonjwa. Unapokutana na neno "Mwafrika" kwenye ripoti za Mulago za miaka hiyo, lisome ukijua ni nani alikuwa anasomwa na wenzake.

Mwaka 1952, Paris, ikaanza kutumika kwa wagonjwa wa akili dawa ya klopromazini, iliyouzwa pia kwa jina la Largactil. Wagonjwa waliokuwa wakipiga kelele kwa miaka wakatulia bila kamba. Tazama tarehe: Butabika ilifunguliwa miaka mitatu baadaye. Kilijengwa kijiji kikubwa cha kuwatenga watu na jiji, wakati huohuo kidonge cha kuwarudisha nyumbani kikiwa njiani. Kwangu mimi huo ndio ufunguo wa kuielewa Butabika ya zamani. Mwaka 1966 Makerere ikafungua idara ya magonjwa ya akili chini ya Profesa Allen German, Waganda kama Stephen Bosa wakashika usukani, kisha ikaja miaka ya Amin, dawa zikaadimika na wataalamu wengi wakakimbia nchi. Wodi bila kidonge hurudi kwenye kufuli.

Hatua ya 5: Lisome jengo

Ukishapata ruhusa ya kuingia jengo la zamani, iwe wodi ya wilaya iliyofungwa, kituo cha afya cha misheni au nyumba za wauguzi zilizobaki, usianze kupiga picha. Simama mlangoni uangalie kitasa.

Kwenye chumba cha kutengea mgonjwa komeo liko nje, mara nyingi mawili, juu na chini. Swichi ya taa iko nje. Mlango unafungukia nje ili mtu aliye ndani asiweze kuuzuia kwa mwili wake. Usawa wa macho kuna tundu la kuchungulia, na ukipitisha kidole pembeni yake utasikia mbao imelainika kwa miaka ya viganja. Ndani hakuna ukingo wa kufungia kamba: dirisha liko juu, nondo zimezama ukutani, sakafu ya saruji imeinama kuelekea tundu la maji moja. Sakafu ile inaeleza kila kitu kuhusu choo, bila kumuuliza mtu.

Wodi ya kawaida ya enzi hizo haina mambo hayo. Ina veranda, madirisha makubwa, na vibao vya namba za vitanda. Kwa hiyo usikurupuke kila ukiona nondo: Uganda hata duka la sukari lina nondo. Linganisha vitu vitatu angalau kabla hujasema chumba kilikuwa cha nini.

Angalia pia alama za wakazi. Tarehe zilizokwaruzwa, mistari ya kuhesabia siku, majina, mistari ya maombi. Piga picha kwa mwanga wa ubavuni, tochi ikiwa imelazwa karibu na ukuta, mikwaruzo itajitokeza. Weka rula ndani ya picha. Usifute vumbi, usipake chaki.

Tofautisha pia na yaliyoongezwa baadaye. Jengo tupu hukaliwa: wanajeshi, wakimbizi wa ndani, wanafunzi, vijana wa kuvuta bangi. Kalenda ya 1986 ukutani haihusiani na mgonjwa wa 1950.

Hatua ya 6: Usife kwa ajili ya picha

Majengo mengi ya serikali ya zamani yaliezekwa kwa asbesto. Karatasi nzima haikudhuru sana. Iliyopasuka ndiyo hatari, kwa kuwa nyuzi zake huingia mapafuni na madhara huonekana baada ya miaka mingi. Barakoa ya hospitali haisaidii. Ukiona vipande vya rangi ya kijivu vimemwagika sakafuni, chumba hicho kiache.

Popo ni la pili. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa homa ya virusi vya Marburg baada ya kuingia pango la popo katika msitu wa Maramagambo, magharibi mwa Uganda. Popo wale ni wa mapangoni na migodini, si hawa wa darini, lakini kinyesi kikavu cha popo wa darini nacho hubeba ukungu unaoshambulia mapafu. Usitikise dari.

Mengineyo kwa haraka: mbao za sakafu zilizoliwa na mchwa, mashimo ya maji taka yaliyofunikwa kwa majani, nyuki. Vaa buti na suruali ndefu. Nendeni watatu. Toka kabla ya saa kumi na moja jioni.

Hatua ya 7: Kaa na wazee

Hapa ndipo Kiswahili kinapokufaa kuliko lugha nyingine yoyote. Jeshi, polisi na magereza ya Uganda yalizungumza Kiswahili miaka yote, na wengi wa waliowasafirisha wagonjwa, waliowalinda wodini na waliowapeleka mahakamani walikuwa askari. Askari magereza mstaafu anayekaa Luzira, Mbuya au Arua anaweza kukupa kwa Kiswahili safi habari ambazo hazimo kwenye ripoti yoyote. Muulize hasa kuhusu wale waliokutwa hawana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili, kisha wakabaki ndani wakisubiri amri ya Waziri. Wengine walisubiri miaka mingi kuliko kifungo ambacho wangepewa kwa kosa lenyewe.

Usiende na swali la mashine. Ukimwambia muuguzi mstaafu, "Mama, niambie kuhusu ile tiba ya umeme," atakupa sentensi mbili za darasani na kukuongezea chai. Muulize zamu ilivyoanza. Mama mmoja aliyefanya kazi wodi ya wanawake ya hospitali moja ya serikali miaka ya 1970 nilimuuliza hivyo, akaanza na vijiko.

"Mwanangu, unapokea zamu kwa hesabu. Wagonjwa wangapi, funguo ngapi, vijiko vingapi. Kijiko kimoja kikikosekana hakuna anayekwenda nyumbani."

"Mlikuwa mnavitafuta wapi, mama?"

"Kwanza kwenye magodoro. Halafu kwenye nywele. Siku moja tumetafuta mpaka saa tatu usiku, kumbe kimo kwenye mfuko wa aproni ya musawo, muuguzi mwenyewe."

Alicheka, halafu akaendelea mwenyewe mpaka kwenye sindano ya kioo, kwenye harufu ya paraldehaidi iliyokaa kwenye sare hata baada ya kufuliwa, na kwa mgonjwa aliyejua kukunja shuka vizuri kuliko wote, ambaye familia yake haikuja tena. Nisingeyapata hayo kwa maswali ya umeme.

Waliowahi kulazwa nao wana haki ya kuongea, wakitaka wao. Kuna vyama vya watumiaji wa huduma za afya ya akili Uganda. Pitia huko badala ya kumvizia mtu nyumbani kwake. Mkubaliane kabla ya kurekodi: jina litumike au lisitumike, na kwamba anaweza kukupigia kesho kukuambia ufute.

Hatua ya 8: Kama ni magofu hasa unayoyataka

Basi weka akiba ya nauli. Weston, West Virginia, kuna jengo kubwa la mawe la hospitali ya akili lililofunguliwa 1864 na kufungwa 1994. Lilikusudiwa watu 250, na miaka ya 1950 lilikuwa na wagonjwa kama 2,400. Sasa linauza tiketi za matembezi, mchana kwa historia na usiku kwa mizimu. Nunua ya mchana. Volterra, Italia, mgonjwa Oreste Fernando Nannetti alichonga ukuta mrefu kwa pini ya mshipi wa kizibao chake, maneno na michoro, mwaka baada ya mwaka. Hospitali za akili za Italia zilianza kufungwa kwa Sheria Namba 180 ya 1978, iliyopiganiwa na daktari Franco Basaglia. Danvers ya Massachusetts usijisumbue, sehemu kubwa ilibomolewa ikawa makazi. Denbigh ya Wales, ya 1848 hadi 1995, imeungua na si pa kuingia. Na Willard, jimbo la New York, ilipofungwa mwaka 1995 yalikutwa darini masanduku zaidi ya 400 ya wagonjwa, vitu vyao vikiwa ndani kama walivyofika navyo. Tafuta picha zake mtandaoni.

Barani kwetu, kisiwa cha Robben kiliwahifadhi wagonjwa wa akili na wenye ukoma kuanzia 1846, muda mrefu kabla ya Mandela, na boti za watalii zinakwenda kila siku hali ya hewa ikiruhusu. Waongozaji hupenda kuzungumzia siasa. Uliza wewe habari za ukoma na wazimu, wanazijua.

Hatua ya 9: Kuchapisha na kuhifadhi

Ondoa kila uso wa mgonjwa, hata wa kwa mbali, hata wa mgongo kama sare inamtambulisha. Zima kwenye picha taarifa za mahali zinazowekwa na simu, la sivyo wiki ijayo vijana watakuwa darini wakivunja asbesto. Usiandike mizimu. Andika mwaka, chumba, tiba, na nani alikuambia, kwa cheo badala ya jina: "muuguzi mstaafu", "askari magereza wa zamani".

Faili la sauti lipe jina linaloanza na tarehe, mwaka kwanza, kisha mahali, na uweke nakala mbili sehemu tofauti. Nakala moja mpelekee aliyezungumza kwenye flashi, umsomee ulichoandika kabla hakijatoka. Nyingine ipeleke maktaba ya Makerere pamoja na karatasi ya ridhaa yenye sahihi, na karatasi hiyo iseme wazi kuanzia mwaka gani msomaji wa nje anaruhusiwa kuisikiliza. Wazee wengi nilioongea nao walichagua mwaka ambao wao hawatakuwepo.